Mama Aliposimama Barabarani

Mtu akitaka tukosane upesi, aniambie heshima si utumwa. Mimi nimeolewa na heshima. Naijua inakolala na inakoamkia. Watu wa hapa Kiboko wakimtaja mume wangu husema, "Muthama ni mtu wa adabu, hajawahi kugombana na mtu." Kweli kabisa. Mimi ndiye niliyemgombania miaka yote hii, na bado sijamaliza.

Wacha nikueleze huyo mtu ni nani, halafu uamue mwenyewe kama nina haki ya kukasirika.

Muthama alizaliwa Mbooni, juu kule kwenye baridi na miparachichi, katika nyumba ya wana wengi na shamba dogo. Alipopata ndevu akateremka huku bondeni kama vijana wengine, kutafuta ardhi isiyo na mwenyewe. Ardhi akapata. Mvua hakupata. Kwa hivyo akaamua kula kwa miguu yake. Wafanyabiashara wa mifugo walimkabidhi mbuzi na ng'ombe wao awafikishe mnadani Emali. Anatoka Makindu na fimbo yake, anapita Kiboko, anapita Simba, mavumbi ya kwato yote yanamwingia puani, mpaka Emali. Wenzake wakishakabidhi mifugo wanakaa chini ya mti kungoja lori la kurudi. Yeye anageuka anarudi mbio, na akala, vile viatu vya tairi, miguuni. Ati nauli ya nini na miguu ipo? Basi hivyo ndivyo alivyokuwa mkimbiaji. Hakuna mwalimu aliyempulizia filimbi.

Mimi ni Nzilani, nami nimezaliwa Mbooni, ng'ambo ya kijito tu kutoka kwao. Alinioa kwa utaratibu, akapeleka kila kilichotakiwa. Na hapo ndipo tabu ilipoanzia, kwa sababu kwetu Ukambani ukioa msichana unaoa na nthoni. Asiyeijua, ni hivi: mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawaitani majina, hawali mahali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mkwe anaiacha njia, anaingia kichakani mpaka mama apite. Kuna namna ya kuiondoa. Mkwe anampelekea mama blanketi na mbuzi, wazee wanakaa, maneno yanasemwa, basi, kuanzia siku hiyo wanasalimiana kama binadamu.

Muthama hakutaka. Nilimwambia, "Baba Mutindi, siku hizi kila mtu anaiondoa. Hata mwinjilisti wetu anakunywa chai na mama mkwe wake."

"Mwinjilisti ni mwinjilisti," akasema.

Mtu akikujibu hivyo, ujue umegonga mwamba. Nikaliacha. Nilidhani ni jambo dogo, mradi mama yuko Mbooni na sisi tuko huku.

Na mama yangu naye! Anaitwa Mbula. Mama ni mwanamke wa sauti. Akicheka upande huu wa kilima, ng'ombe wa upande ule wanainua vichwa. Alimpenda mkwe wake kupita kiasi, na hakuwa amewahi kumwona uso tangu anioe. Alimjua kwa kisogo. Nikienda kumtembelea, ananijazia kiondo, maparachichi, ndizi, maharagwe mabichi, halafu ananinyooshea kidole: "Haya ni ya mwenye nyumba yako. Usiyamalize njiani."

Sasa, mwaka wa themanini na tatu, ikatangazwa marathoni. Ya kwanza kabisa katika barabara yetu hii ya Mombasa, kutoka Emali mpaka Makindu. Ilitangazwa kanisani, ikatangazwa sokoni, ikatangazwa mpaka mtoni tunapochota maji. Tena tangazo lilikuwa na mkia: idara moja ya serikali, wale watu wa magwanda, ingemtuma afisa wake aje kutafuta wakimbiaji. Wenyeji watatu wa kwanza wangeandikwa kazi siku hiyo hiyo. Kazi, wewe! Mshahara kila mwezi, nyumba ya mawe, maji ndani ya nyumba. Mimi wakati huo nilikuwa nabeba maji mgongoni na Mutindi, mtoto wangu, nikimfunga mbele. Unafikiri nilikuwa naota nini usiku?

Muthama akaanza. "Nikimbie mbele za watu na kaptura?"

"Utakimbia hata na blanketi ukitaka," nikamwambia, "lakini utakimbia."

Hassan, mwenye duka pale Makindu, ambaye mbuzi wake ndio waliopelekwa Emali mara nyingi, alisikia akacheka, akamletea raba mpya. "Mbuzi wangu wamekufunza mbio," akasema. "Siwezi kukuacha ukimbie na tairi la gari." Muthama akazivaa, akaenda nazo Emali Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, akalale huko.

Jumamosi hiyo hiyo jioni, nani ameshuka kwenye basi? Mama. Na kiondo, na kibuyu, na leso mpya. Nilishukuru Mungu kwamba Muthama ameshaondoka, nikamkalisha mama jikoni, nikamwambia, "Mama, sikiliza. Kesho utakaa hapa bomani. Utasikia vifijo, inatosha."

"Nimetoka Mbooni kuja kusikiliza vifijo?"

"Mama!"

"Mwana wa watu anakimbia kwa ajili yako na mtoto wako, kila mtu atamshangilia, mimi nijifungie jikoni na kuku?"

Tukavutana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe tukapatana kwamba atakuja barabarani, lakini atasimama nyuma ya watu, leso mpaka machoni, na Muthama akikaribia ataipa barabara mgongo. Akaapa. "Haki ya Mungu, Nzilani. Kwani unaniona mimi ni mtoto?"

Ningejibu ndiyo. Ningemfungia kwa kufuli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna methali ya mkuu asiyesikia la mtoto wake. Iko wapi? Ningeitaka.

Asubuhi ya mbio jua lilitoka na hasira kama zangu. Ndugu zake Muthama walikuwa wamegawana barabara. Wawili walikuwa Simba na ndoo ya maji, mmoja alikuwa karibu na Makindu, na sisi wanawake pale Kiboko kwenye kona kubwa, ambapo barabara inajipinda na upande wa ndani kumejaa miiba mitupu. Malori yaliambiwa yaende pole pole. Watu walikuwa wengi, wengine wamepanda miti.

Akapita wa kwanza, mtu mwembamba, hatoi hata jasho. Akapita wa pili. Halafu barabara ikawa tupu, nikaanza kusali kimoyomoyo. Kisha wale wa mitini wakapiga kelele: "Muthama! Muthama wa mbuzi! Ni wa tatu!"

Wa tatu! Sikuhitaji mwingine. Wa tatu ni kazi! Nikamwinua Mutindi juu, "Ona baba! Ona baba!" na kweli nilimwona, uso mweupe kwa chumvi, macho yako mbele, miguu inapiga lami sawasawa kama siku zote akirudi kutoka mnadani. Nyuma yake gari la wasimamizi, na kibendera. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Hapo kitu kikanipita ubavuni.

Mama. Leso imeanguka begani. Kibuyu cha uji mkononi. Amepasua watu, amefika katikati ya lami, mikono ameifungua, anacheza, jamani, mama yangu anacheza katikati ya barabara ya Mombasa na kulia kwa furaha, "Mwanangu! Mwanangu anakuja!"

Muthama akainua macho. Nilimwona akimwona. Akasita, mguu mmoja hewani. Halafu akakata upande, akaruka mtaro, akaingia kichakani.

"Rudi barabarani!" nikapiga kelele. "Baba Mutindi, rudi barabarani wewe!"

Nani anasikia? Miti ilikuwa inavunjika huko ndani. Aliingia upande wa ndani wa kona, unaelewa? Upande ule ule mwizi wa mbio angeingia. Mkimbiaji wa nne akapita zake kwenye lami, akawa wa tatu. Muthama akaja kutokea mbali, ng'ambo ya kona, fulana imeraruka, damu inatiririka kwenye muundi, na bado anakimbia. Kama alikuwa ameiba kitu pale ndani, aliiba miiba.

Mama akabaki amesimama na kibuyu chake. "Nimefanya nini?" akasema. "Nzilani, nimefanya nini?"

Nilimwambia. Maneno niliyomwambia mama yangu mzazi siku hiyo sitayarudia hapa. Tulipata lori la mchanga likatubeba mpaka Makindu, na njia nzima sikumtazama.

Tulipofika uwanjani, karibu na hekalu la Kalasinga, tulikuta sherehe. Kalasinga walikuwa wamepika chapati na dengu za kulisha kila mtu, chai inamiminwa kwenye vikombe vya chuma. Ndugu yake Muthama akatukimbilia: "Amempita yule mtu! Hapo hapo karibu na mwisho, amempita! Ni wa tatu!"

Nilikaa chini kwenye vumbi. Muthama nilimwona mbele ya meza ya kamati, amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya karai la maji. Afisa wa magwanda alikuwa ameshampa mkono, amemwambia asiondoke. Mama, alipomwona mkwewe, alirudi nyuma kule kwenye moshi wa jikoni, akajifunika. Sasa ndipo anakumbuka!

Nilikuwa naanza kuimba, bwana mmoja wa kamati akaja, filimbi shingoni. Alikuwa kwenye lile gari lenye kibendera. Akasimama mezani, akasema kwa sauti, "Huyu ametolewa. Alikata kona pale Kiboko."

Afisa akamgeukia Muthama. "Ni kweli uliingia msituni?"

"Niliingia," akasema Muthama.

"Kwa nini?"

Kimya.

"Ulishikwa na haja?"

Anaangalia maji ya karai. Unajua kwa nini hakusema? Kwa sababu kumtaja mama mkwe wako mbele ya umati, ati ndiye aliyekutoa njiani, ni kumfanya kichekesho. Heshima hiyo! Afadhali aitwe mwizi.

Mimi sina heshima ya namna hiyo. "Alikutana na mama mkwe wake!" nikapiga kelele. "Mama yangu alikuwa barabarani! Angepita wapi?"

Kicheko kikalipuka. Wazee Wakamba waliokuwa pale hawakucheka, walitikisa vichwa wakaelewa. Lakini wageni, wenye magari, wenye kamati, walishika mbavu. "Kwani mama mkwe ni simba?" mmoja akauliza. Nilitafuta kitu cha kumrushia, sikupata.

Yule bwana wa filimbi hakucheka. Na si kwamba alikuwa mtu mbaya, hilo nalo linaniudhi, maana mtu mbaya ningemtukana nikapoa. Akaniambia, "Mama, mimi sitaki kumwonea mtu. Kama ni kweli, huyo mama mkwe aje hapa. Wasimame wote wawili mbele yangu waniambie. Nitamrudishia nafasi yake."

Nilikimbia mpaka kule kwenye moshi. Nikamwambia mama. Nilidhani atalia, nilidhani nitamvuta kwa nguvu. Aka! Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitoa leso kichwani, akajifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, akaanza kutembea. Mke wa mzee wa kanisa! Kichwa wazi, bila blanketi, bila mbuzi, bila wazee, anakwenda kusimama uso kwa uso na mkwewe mbele ya Makindu nzima. Kwa mwanamke wa umri wake ni kama kuambiwa avue nguo sokoni. Na alikuwa anatembea haraka. Watu wakampisha.

Nikatangulia mbio. "Anakuja!" nikamwambia Muthama. "Kaa hapo hapo! Usiinuke!"

Akainua kichwa. Akamwona mama anakuja, wazi wazi, anamwangalia yeye.

Karai likapinduka. Muthama akasimama kwa hiyo miguu iliyovimba, peku, akageuka, akapenya kwenye watu akichechemea, akapotelea nyuma ya ukuta wa hekalu. Nilimshika fulana. Kipande kikabaki mkononi.

"Umeona?" yule bwana akasema kwa huzuni. "Amekimbia. Mkweli hakimbii." Akamwita yule wa nne, kijana wa watu, hata hakuamini. Afisa akampa mkono. Mwaka uliofuata, njaa ilipotukamata, kijana huyo alikuwa anakula mshahara mahali, na sisi tunachemsha mboga za porini. Simchukii. Namjua tu.

Mama alifika mezani akakuta kiti kitupu na maji yamemwagika. Akasimama pale. Akasema, "Ni kweli. Ni mimi." Hakuna aliyekuwa anamwuliza tena. Yule bwana akamwambia kwa upole, "Mama, nenda nyumbani ukapumzike," na nyuma wale wenye magari bado wanacheka.

Jioni jua likielekea kuzama tulikuwa sote bomani. Mama jikoni, Muthama chumbani, ukuta wa udongo katikati, na mimi mlangoni. Kwa maana hata kwa ugomvi hawazungumzi. Nawabebea mimi.

"Mwambie mume wako ni mjinga," mama akasema.

Anasikia! Ukuta una nyufa, na mama unamjua sauti yake. Lakini ilibidi nigeuze shingo: "Mama anasema wewe ni mjinga."

"Mwambie mama ninamheshimu."

"Anasema anakuheshimu."

"Mwambie hiyo heshima aitie kwenye sufuria tuone kama itaiva!"

"Anasema uitie kwenye sufuria."

Hapo Muthama akasema: "Mwambie nisingeweza kumwacha asimame pale achekwe na watu kwa ajili yangu."

Kauli hiyo sikudiriki kuibeba. Mama alishaidaka. "Nilichekwa!" Sauti yake ilipasuka. "Mwambie nilichekwa vizuri sana! Nilikuja kusimama na yeye. Nikasimama peke yangu, kichwa wazi, naongea na meza. Mtu aliyeniacha pale anasema ananiheshimu?"

Wananingoja mimi. Mmoja ananiangalia kutoka upande huu, mwingine kutoka upande ule, kama mimi ni posta.

"Ambianeni wenyewe!" nikasema. Nikatupa mwiko chini, nikamchukua Mutindi, nikatoka. Mlango ningeupiga kwa nguvu, lakini hatukuwa na mlango, ni gunia.

Nilisimama uani. Ndani kulikuwa kimya, kimya, mpaka nikadhani mmoja amekufa. Halafu nikasikia sauti ya mama, ndogo, sijawahi kuisikia ndogo hivyo.

"Muthama."

Hakuwa amewahi kulitaja jina hilo. Hata mbele yangu.

"Ee, mama," akasema Muthama.

"Miguu inakuuma?"

"Inauma, mama."

"Ulikimbia vizuri. Nilikuona."

"Hata mimi nilikuona, mama. Ulikuwa unacheza." Halafu nikasikia analia, mtu mzima, na mama anamwambia, "Basi, basi, mwanangu, nyamaza," kupitia kwenye ukuta.

Mwinjilisti wetu ameihubiri habari hii mara nyingi. Watu huniambia, "Mama Mutindi, una bahati, ona wanavyopendana." Siku hizi wanakunywa chai kiti kwa kiti. Blanketi lilipelekwa baadaye, mbuzi akapelekwa, wazee wakala. Na mimi hukaa pale kanisani meno yamekazana, kwa sababu kila mtu anaikumbuka jioni, na mimi peke yangu ninaukumbuka mchana.

Niliingia ndani nikiwa na pini na maji ya chumvi, nikaushika mguu wake, nikaanza kuitoa miiba. Nilichimba kuliko ilivyohitajika. Akasema, "Pole pole, Mama Mutindi."

"Nyamaza," nikamwambia. "Maneno mawili tu! 'Ee, mama.' Jua hata halijazama, mdomo ni ule ule, mama ni yule yule. Kama uliweza kuyasema sasa, yalikushinda nini pale mezani? Tungekuwa tunafunga mizigo!"

Hakukasirika. Ningependa angalau angekasirika. Aliniangalia kama mtu anayefikiri swali gumu, mwiba mmoja bado umesimama kwenye kisigino.

"Sikujua kwamba naweza," akasema. "Mpaka aliponiita."

Nikaung'oa ule mwiba, na jibu nimelitafuta mpaka leo.